Yule Anayesema Ni Mimi

Kambini, 4 Februari
Mwezi wa kumi na nne tangu niondoke nyumbani

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo si habari mpya. Huku jua linatoka mapema, na msimamizi anatoka mapema kuliko jua. Tunamwita Bwana Haraka, lakini si mbele yake. Kazi ni ileile ya kuchanganya zege na kubeba matofali. Ukuta tunaoujenga hatujui utazunguka nini. Nikiuliza naambiwa, "Wewe beba." Nabeba.

Mtandao wa simu haujafika kambini na sidhani utafika kabla sijaota mvi, kwa hiyo tuendelee na barua. Dereva wa lori la saruji anazipeleka posta ya mjini kila anapopita, naye hupita akijisikia. Ukiona kimya usidhani nimekusahau.

Mpe Baba shikamoo yangu. Mwambie miguu yake iliyozunguka mji mzima ikisoma mita za maji sasa imestaafu, aiweke juu ya kiti. Mbona katika barua iliyopita umemwandika mstari mmoja tu? Uliandika, "Baba yupo." Najua yupo. Nauliza yukoje.

Halafu hilo la jengo. Umesema mlinzi wa getini ameondoka na hamjapata mwingine, na taa za ngazini zimeungua zote. Linanikosesha raha. Nimebeba matofali ya maghorofa mengi, nayajua tabia zake. Kila mlango una mwenyewe, ila ngazi haina mwenyewe. Mtu akifika kwake anafunga, anasema nimefika, na ile ngazi iliyompandisha anaiacha kama mwana wa kambo. Nyinyi mko ghorofa ya tano, juu kabisa. Wewe unashinda hospitalini ukifua mashuka, na mzee amebaki peke yake. Sema na majirani, kila mtu anunue japo balbu moja.

Nisalimie Mama Pacha wa mlango wa pili. Mwambie nikirudi wale pacha wake wasinipande mgongoni, mgongo umeshapata mpandaji.

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na vumbi la saruji mpaka ndani ya bahasha, nikapiga chafya kabla ya kusoma. Sisi tunasukuma siku. Kazini mashine moja ya kufulia imekufa, sasa mashuka ya wodi nzima ni mikono yetu, na vidole vyangu vimekunjamana kama vya bibi. Baba anakula na analala. Siku nyingine anasahau kitu kidogo, uzee huo. Usijali.

Sasa linalotusumbua. Kuna mtu anaingia humu mchana.

Anakuja saa ambazo watu wako kazini na waliobaki ni wazee, wagonjwa na kina mama wenye watoto wadogo. Unasikia hatua ngazini, taratibu, hazina haraka. Kisha kitu kigumu kinagonga mlango mara mbili, ko ko. "Hodi!" Ukiuliza nani, anajibu, "Mimi." Ukiuliza mimi nani, anajibu tena, "Mimi!" kama unayemjua tangu zamani. Sauti yenyewe ya upole, na upole huo ndio unaosisimua nywele. Milango yetu haina tundu la kuchungulia na ngazi ni giza kama ndani ya mtungi, kwa hiyo hakuna anayefungua. Anangoja. Kisha hatua zinaendelea mlango unaofuata.

Mwanzoni tulicheka. Tulimpa jina, tukawa tunaulizana jioni, "Leo Mimi kapita?" Mpaka pacha wakatunga mchezo, mmoja anakuwa Mimi na mwingine anakimbia. Sasa hakuna anayecheka. Tumekaa kikao ngazini, kila mtu na tochi yake. Mwenyekiti wa jengo akasema, "Jamani, taratibu. Huyu mtu kaiba nini?"

"Hajaiba, na ndiyo maana naogopa," akasema Mama Pacha. "Mwizi akiiba anaondoka. Huyu anakuja tu."

Yule jirani wa ghorofa ya pili tunayemwita Bondia, ingawa hajawahi kupigana hata na nzi, akataka watu wajitolee kumvizia. Mwenyekiti akamwambia tusikurupuke, tutumie akili, na akili ni nywele, kila mtu ana zake. Watu wote wakamulika tochi kwenye kichwa cha Bondia, kinachong'aa kama sahani. Hicho ndicho kicheko cha mwisho kilichosikika humu.

Ninamhofia Baba. Nimemwachia simu yangu nyumbani ili niweze kumpigia kwa simu ya kazini, na nimemkanya asimfungulie mtu yeyote. Nikamuuliza kama amesikia hodi mchana. Akanitazama, akasema, "Siku hizi watu hawafungui milango." Nikamwambia ndiyo Baba, na sisi tusifungue.

Niambie tufanye nini. Wewe umeishi na watu wa kila aina.

Dada yako


Kambini, 15 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya jukwaa la mbao, nikajikuta nimeshika nguzo kwa mikono miwili. Nimekosa hamu ya kula, na wewe unajua mimi si mtu wa kukosa hamu ya kula.

Habari za huku zinaweza kungoja. Nasema la kwenu.

Huyo mtu anawapima. Anataka kujua mlango upi una mtu, upi hauna, upi una mtu mnyonge. Akishawajua atakuja na wenzake. Kuulizana nani, mimi nani, ni kumpa nafasi. Wasomee majirani maneno haya kikaoni, waambie yametoka kwa mtu aliyelala bweni moja na wezi na walevi. Kila ghorofa iwe na kipande cha bomba la chuma nyuma ya mlango. Wa kwanza kusikia hodi ya mchana apige mfuniko wa sufuria, wote mtoke kwa pamoja, wa juu washuke na wa chini wapande, mumkute katikati. Akisema "mimi" msimuulize mara ya pili. Pigeni kwanza, jina atalitaja akiwa chini.

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini mimi sina nyingine, hii ndiyo fimbo yangu. Nakutumia.

Baba asitoke nje kabisa.

Mdogo wako


Nyumbani, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, mdogo wangu. Mashine ya kufulia bado imekufa. Pacha mmoja ameng'oka jino na mwingine analia kwa kuwa lake halijang'oka. Habari za Baba usiniulize sana, yupo.

Barua yako niliisoma kikaoni kama ulivyotaka. Nilipofika pale pa kumpiga kwanza, watu waliguna kwa kuridhika, kana kwamba mtu amewafungulia dirisha. "Huyo ndiye mwanamume," akasema Bondia. Kesho yake alileta bomba refu, akalikata kwa msumeno pale getini, kipande kimoja kwa kila mlango. Chetu kiko nyuma ya pazia. Mama Pacha ameteuliwa kupiga mfuniko, kwa kuwa yeye hushinda nyumbani na ana mkono mzito.

Tangu hapo mambo yamezidi. Yule mtu sasa anaacha alama. Kila mlango anaopita, pembeni ukutani, tunakuta mstari mmoja wa chaki na nukta mbili chini yake. Tukifuta, anarudi kuandika. Mwenyekiti anasema ni alama za majambazi za kuhesabu nyumba. Mama Pacha ana lake. Juzi alitega sikio, akamsikia anasema nyuma ya mlango, "Nimekuja kusoma." Sasa Mama Pacha anaapa kwamba ni mganga, anapita kutusomea kisomo kibaya, na haogopi tena kuibiwa bali kulogwa. Mwingine akagundua kwamba huwa anaanzia juu na kushuka chini, hajawahi kuanzia chini. Mtu wa kutoka nje ataanziaje juu? Anaingilia wapi? Tumepanda mpaka kwenye tangi la maji la darini, hakuna kitu.

Nakwambia jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Milango yote ya jengo hili ina chaki, isipokuwa wetu. Bondia ameliona. Jana tulipishana ngazini, akanimulika tochi usoni akaniuliza, "Kwako mbona hapati cha kuandika, dada?" Nikamjibu labda chaki humwishia. Alicheka, lakini tochi hakuiondoa usoni mwangu.

Naogopa, mdogo wangu. Zamani nilikuwa namwogopa yule mtu peke yake. Sasa nikipanda ngazi jioni nataja jina langu kwa sauti kila ghorofa, wasije wakanipiga mimi.

Dada yako


Mjini, 26 Aprili

Dada,

Shikamoo, na salamu nyingine zitangoja. Mwandiko usikushtue. Nina kidonda kidogo mkononi, kwa hiyo mwenzangu tunayemwita Profesa ananiandikia. Kakaa pembeni yangu na ameapa kutobadilisha neno.

Kaa chini kwanza.

Huyo mtu ni Baba.

Nilipoacha shule nilizunguka naye mitaani mwaka mzima, nikimshikia tochi kwenye visanduku vya mita, na wewe wakati huo ulikuwa unalelewa kwa shangazi. Hukuyaona. Mimi niliyaona. Alikuwa anagonga kwa sarafu kwa sababu ngumi zilimchubuka. Kwenye jengo la ghorofa alikuwa anaanzia juu, anasema, "Panda ukiwa na nguvu, shuka ukiwa umechoka." Akimaliza mlango alikuwa anaweka mstari na nukta mbili kwa chaki, asije akarudia. Hakuwahi kutaja jina. Mtaa mzima ulimjua sauti, wakiuliza nani anasema "mimi," na wanafungua. Na kama mlango wenu hauna chaki, sababu yake ni hii: kazini kwao msoma mita haruhusiwi kujisomea kwake. Bado anafuata sheria ya kazi, dada. Kila kitu kimemtoka, sheria imebaki.

Barua yako nilipewa na dereva nikiwa hapa mjini, zahanati. Nikamwomba nesi simu palepale, nikapiga. Ikapokelewa.

"Nani?" Ilikuwa sauti yake.

"Mimi, Baba."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

Akasema kwa adabu, kama anavyosema na mteja, "Mwanangu yuko kazini. Piga jioni." Akakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Nesi ameahidi kupiga jioni, mimi lori linanirudisha kambini.

Usione aibu. Najua utaona aibu, nakujua. Siku hiyohiyo ukipata barua hii pita mlango kwa mlango, uanze na Bondia. Waambie ni mzee wa ghorofa ya tano, hana nia mbaya, amerudi kazini kichwani mwake. Wakusanye yale mabomba. Mimi ndiye niliyewaambia wapige. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini wewe jaribu kuyazoa, zoa hata kwa kitambaa.

Nijibu upesi. Usiniandikie "Baba yupo."

Mdogo wako


Nyumbani, 30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba.

Najua umengoja. Nimeianza barua hii mara nyingi, kila nikifika kwenye salamu nakwama. Baba yu hai. Nimelitanguliza hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Fimbo yako ya mbali ilifika, mdogo wangu. Ilifika kabla ya barua yako ya Aprili.

Nesi wako huenda alipiga. Simu nilikuja kuikuta ndani ya kiatu cha Baba, imezima. Na mimi nilikuwa nimeshajua. Baada ya kukuandikia ile barua ya Aprili nilikuwa nafua suruali yake, nikaingiza mkono mfukoni kama ninavyofanya kwa nguo za wagonjwa, nikatoa kipande cha chaki. Nilikaa sakafuni na ile chaki mkononi. Sikwenda kwa Mwenyekiti. Nilisema moyoni, nikiwaambia watasema tumwondoe hapa, na tutamwondoa kumpeleka wapi? Niliomba likizo kazini nikae naye, wakaniambia ningoje mwisho wa mwezi. Nikangoja. Nilimnyang'anya chaki, nikadhani akikosa chaki ataacha. Alikwenda na kipande cha mkaa.

Ilikuwa mchana, mimi nipo kazini. Nakueleza nilivyoelezwa. Mama Pacha alisikia hodi, akapiga mfuniko. Milango ikafunguka juu na chini, kama ulivyopanga. Baba alikuwa ameshuka kati ya ghorofa ya nne na ya tatu, giza tupu. Bondia alikuwa anapanda na bomba lake. Akauliza nani. Baba akasema, "Mimi."

Alipigwa begani, na pigo la pili likampata mkononi. Mama Pacha ndiye aliyemulika, akapiga kelele, "Ni mzee! Jamani ni mzee wetu!" Anasema Baba alikuwa ameegemea ukuta, mkono unaning'inia, wala halii. Akamtazama Mama Pacha na kumwambia, "Andika hapo, nyumba hii wamegoma kusomwa."

Mkono umevunjika, umefungwa plasta. Bega limevimba lakini daktari anasema litarudi. Siku zile za kwanza majirani walijaa hapa ndani, huyu na uji, huyu na mto wa kuegemea, Mama Pacha akilia mpaka Baba akaanza kumbembeleza bila kujua kisa. Bondia hakuja. Alikaa ngazini peke yake, anarudia, "Kwa nini hakusema jina? Mtu anashindwaje kusema jina?"

Sasa ile aibu imemgeukia ukali. Kikaoni alisimama akasema mzee afungiwe ndani. "Nikisikia hodi tena kwenye giza mimi siudhamini mkono wangu," akasema. "Nina watoto na mimi." Nilidhani watu watamzomea. Hawakumzomea. Wengine walitazama chini, wengine wakaitikia. Mwenyekiti alinunua kufuli mwenyewe, jipya, akanikabidhi kwa mikono miwili kama zawadi. Anasema ni kwa usalama wa mzee.

Nimelitumia. Natoka alfajiri, nafunga kwa nje, naondoka na ufunguo. Mama Pacha ananiambia kwamba nikishaondoka Baba huja mlangoni na kupiga hodi kutoka ndani. Hodi, hodi, mpaka sauti inakauka. Mama Pacha huweka kigoda upande wa pili, anamwitikia, "Karibu baba, karibu," lakini ufunguo hana. Juzi alinusa moshi. Lilikuwa jiko la ghorofa ya chini, mtu kaunguza chakula tu, lakini alikaa mlangoni petu mpaka nilipofika. Akaniuliza, "Ingekuwa kweli, ningemtoaje?"

Nikiacha mlango wazi, kuna bomba la Bondia. Mengine yamerudishwa, lake liko palepale nyuma ya mlango wake, nimeliona. Nikifunga, kuna moto. Kila asubuhi nasimama na kufuli mkononi, nachagua hofu.

Na wewe nikuulize. Kidonda kidogo hakimpandishi mtu lori hadi mjini. Zahanati ulifuata nini? Mkono una nini?

Dada yako


Kambini, 18 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na pole. Mwambie Baba pole, hata kama atauliza pole ya nini. Profesa anaandika, mimi nasema.

Sikulaumu kwa chaki. Ningekuwa mimi ningeificha hata zaidi.

Nilisema sitakuandikia haya, lakini kwa sababu ya kufuli nitayaandika. Siku za mapumziko Bwana Haraka alikuwa anatufungia bwenini kwa nje. Alisema ni kwa usalama wetu, tusipotelee mjini na wezi wasiingie. Hata sisi tulizoea, tukawa tunamtania, tunamwita mkwe anayeficha mabinti. Jumapili moja ya Aprili, mchana, watu wamelala, jiko la mafuta likaanguka. Magodoro yale yanashika kama karatasi. Tuligonga, tukaita. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kuoga. Dada, ukigonga mlango kutoka ndani unajua kitu ambacho mtu wa nje hawezi kukijua. Mlango ulikuwa wa bati, umeshaanza kuiva, na mimi niliuvunja kwa mkono wangu wa kulia kwa kuwa sikuwa na kingine karibu. Tulitoka. Mmoja hakutoka, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliyekuwa halali bila redio yake.

Vidole viwili vimekatwa na vilivyobaki havikunji. Mtu asiyeweza kushika koleo hana kazi hapa. Bwana Haraka amenipa barua ya kuachishwa, akaniambia pole bila kunitazama. Kwa hiyo usiwaambie watu kwamba narudi kwa ajili ya mzee, nisije nikasifiwa bure. Ningetaka iwe hivyo. Narudi kwa kuwa wamenirudisha, na nashukuru kwamba wamenirudisha.

Sasa sikiliza. Lile kufuli litoe leo. Usilikabidhi kwa Mwenyekiti, litupe. Kuhusu Bondia, usimwandame kwa maneno, ameogopa kama tulivyoogopa, na aliyemfundisha kupiga kabla ya kuuliza ni mimi. Nenda kwake na barua hii, asome mwenyewe habari za bweni letu. Mwambie nimesema bomba alilete kwako hadi nifike, kisha anidai mimi chochote anachotaka kudai. Akikataa, basi Baba asikanyage ngazi bila mtu kushika mkono wake mzima. Omba ruhusa kazini. Wakikunyima, acha kazi. Najua nasema neno zito kwa mtu anayelisha nyumba, lakini mashuka yatafuliwa na mwingine, Baba hana mwingine. Tutakuwa watatu wenye mikono minne mizima, tutapata pa kuanzia.

Naogopa vitu viwili, nakwambia kwa kuwa sina wa kumwambia. Naogopa kufika nikute umeniandikia barua ambayo imepishana na mimi njiani. Na naogopa kufika nikute yu hai na asinijue. Hilo la pili nitalivumilia.

Lori linaondoka hapa tarehe tatu Julai. Toka mjini nitapanda basi, na basi la huku linalala njiani. Msije kunipokea, usimwache Baba hata kwa saa moja kwa ajili yangu, mzigo wangu ni begi moja na nitalibeba kwa kushoto. Nategemea kuingia tarehe saba Julai, jioni. Barabara ikiwa mbaya, tarehe nane. Mungu akipenda, zaidi ya hapo sitachelewa.

Mdogo wako